Kutunza si Kutukuza

Je, yafaa taifa lililojikomboa litunze vyombo vya aliyelitawala? Swali hili humkabili kila aingiaye katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limehifadhiwa behewa ambamo, mwaka 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliuawa na simba katika stesheni ya Kima. Kisa chake chajulikana sana. Lakini reli hiyo, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na Waafrika pamoja na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Kati ya vibarua hao, wapatao 2,500 walikufa. Ni nani miongoni mwetu awezaye kumtaja hata mmoja wao?

Wako wasemao kwamba chuma hicho ni ukumbusho wa dhuluma, na heri kiyeyushwe. Rai hiyo haifai, kwani afutaye ushahidi humsaidia mdhulumu. Hata hivyo, atunzaye kitu cha kale ana wajibu wa kueleza habari zake zote: nani aliamuru, nani alifaidi, na nani alibeba mataruma begani.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi kutazama garimoshi, na awafunze pia kuuliza habari za wasiotajwa. Kumbukumbu isiyo na haki ni ghala la vyuma tu. Haiwezi kuitwa utamaduni.