Usiku wa Kuamkia Miaka 18

Julai, Dodoma huvuma upepo wa baridi. Ukipita karibu na Soko la Majengo maduka yakishafungwa, utawaona barazani: boksi chini, kiroba juu, viatu vimefanywa mto visije vikaibwa. Wapo wa miaka 12, wapo wa miaka 20. Wakishalala huwezi kuwatofautisha.

Sheria huwatofautisha. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na halmashauri ina wajibu wa kumlinda. Akiuvuka umri huo, anakutana na Kanuni ya Adhabu na vifungu vyake vya uzururaji, tulivyorithi kwa mkoloni. Anaamka juu ya boksi lile lile, baraza ile ile, lakini jana alikuwa wa kuhurumiwa na leo ni wa kushukiwa.

Usiku ule kilibadilika nini? Hakupewa chumba, wala ufundi, wala shamba.

Tunajibu haraka: sasa ana nguvu, akafanye kazi. Wengi wao wanafanya. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, jiji halijaacha kujengwa, na zege halijibebi. Lakini kibarua hulipwa kwa siku, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, hata sita, kwa mpigo. Kijana anaweza kushinda akijenga ghorofa na jioni akarudi barazani. Huo si uvivu.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, kwani huwaadhibu maskini kwa hali yao. Nakubaliana nayo, ila naona haya kuishia hapo. Hata polisi wasipomgusa, sisi tumeshamhukumu kwa kushika mikoba yetu vizuri tunapompita.

Asubuhi tunaulizana, "Umelalaje?" Tunamwuliza jirani, mwenye duka, hata mlinzi aliyekesha. Wale wanaokunja maboksi pembeni yake hatuwaulizi. Nadhani tunaogopa kwamba mmoja wao atajibu kweli, na tukishasikia hatutaweza tena kusema hatukujua.