Mvua ya Jumamosi

Sisi makatekista wa Kabambare mara nyingine twajidanganya: mvua yanyesha, hakuna atakayekuja, sala tutaisali nyumbani. Jumamosi moja tulifanya hivyo. Kumbe bibi mzee alikuwa amekwisha fika. Akangoja chini ya baraza, mlango wa kapela umefungwa, kisha akarudi gizani na fimbo yake. Hakutulaumu, nasi tuliona haya zaidi.

Je, ilikuwa dhambi kubwa? Labda siyo. Lakini tuwatazame jirani zetu wa Fizi. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani Baraka akiungamisha. Siku hiyo nayo ilikuwa Jumamosi. Wenye bunduki walimwua kwanza Bruda Vittorio Faccin. Padri akakataa kumwacha ndugu yake, akauawa naye. Jioni, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, wote wanne walitangazwa Wenye heri.

Tukisimulia habari hiyo twakimbilia risasi. Lakini saa ya risasi Padri hakuichagua. Alichagua kwenda kuungamisha, na sababu ya kujificha alikuwa nayo, kubwa kuliko mvua yetu! Aliyezoea kutoroka kazi ndogo, siku ile angepata wapi nguvu ya kubaki?

Bibi yule angali anakuja. Ufunguo wa kapela sasa twauchukua mapema, hata mawingu yakiwa meusi.