Neno la Kitu Kibovu Lisimfikie Mtu

Kiswahili cha Tanga mjini kimepokea kutoka Kiingereza maneno kadhaa ya kutajia visivyotakiwa. Taka huenda dampo. Bati lililooza na injini iliyokufa huuzwa skrepa. Spea isiyo halisi huitwa feki. Maneno haya yana kazi yake, wala mtoto hana kosa kuyatamka. Kijana anayeitambua breki feki anaweza kuokoa roho za abiria. Taabu huanza neno linapokiacha kitu likamwandama mtu: rafiki ni feki, babu ni skrepa, jirani ni wa kilokali, yaani duni. Hapo ndipo mlezi anapotakiwa, na mara nyingi anakuta amekwisha kuchelewa, maana mtoto aliyasikia kwake.

Sisi wa Tanga tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge ukaenea hadi Muheza na Korogwe, na mashamba yakataka mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wakati wa Waingereza vibarua waliandikishwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kazi hiyo, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba.

Namba peke yake haina ubaya. Karani aliihitaji ili ajue nani amefika na nani alipwe. Lakini mtu aliyekuwa na jina, kabila na wazazi, huku alijulikana kwa namba, na sisi wenyeji tukaipokea hesabu ya karani tukaifanya dharau. Manamba akawa mtu asiye na kwao, wa kuchekwa lafudhi na mavazi. Mikono yake ndiyo iliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge, lakini sifa ya mkonge haikumfikia. Leo wajukuu zake ni watu wa Tanga kama sisi. Wamezaliwa Pongwe, Amboni na Korogwe, wamesoma nasi, tumeoana nao. Mtoto anayemtukana mwenzake kwa neno hilo uwanjani huenda anamtukana babu wa huyo mwenzake, na pengine babu yake mwenyewe. Ni haki yake kuelezwa.

Lofa nalo lilitoka Kiingereza, likiwa jina la mzururaji asiye na kazi. Agosti 2015, CCM ilipozindua kampeni zake viwanja vya Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita baadhi ya wapinzani wapumbavu na malofa. Nchi nzima ilibishana juu ya siasa ya kauli ile. Swali la malezi halikupewa nafasi kubwa: mtoto aliyekuwa sebuleni akisikiliza aliambiwa nini baada ya hapo? Kaka yake amemaliza chuo, anazunguka na bahasha ya vyeti hajapata ajira. Je, naye ni lofa? Mzazi akikaa kimya, mtoto atajijibu mwenyewe.

Tena yapo yanayosemwa ndani ya nyumba zetu kila siku. Binti ametoka Lushoto au Handeni, anawaogesha watoto, anawapikia, anawalaza. Mbele yake ni dada. Wageni wakiuliza, anakuwa hausigeli. Mtoto anazishika kauli zote mbili na kuelewa kwamba udugu ule ulikuwa wa jikoni tu. Kisha tunashangaa akianza kumtuma bila tafadhali, au akipita asubuhi bila kumwamkia. Hajaharibiwa na televisheni wala shule, amefuata mfano.

Haya yote hayana maana kwamba mtoto afundwe kukubali kila kitu. Kukataa ni sehemu ya malezi, na watu wa pwani wana adabu yake. Aliyekaribishwa chakula asichokitaka husema amekwisha shukuru, au ameshiba. Hasemi kuwa bada, ugali wa muhogo, ni chakula cha kilokali mbele ya aliyeisonga. Anayo ruhusa ya kutoipenda bada, ila hana ruhusa ya kumdhalilisha mpishi. Mtu mzima akimshika mtoto vibaya, adabu hiyo haihusiki. Hapo apige kelele, akimbie, aseme kwa mama, hata kama aliyemshika ni ndugu au mwalimu. Mtoto anayefundishwa heshima tu, asifundishwe na mpaka wake, ameachwa bila ulinzi.

Kwa hiyo mzazi ana kazi ya kumtenganishia mtoto mambo mawili: kitu na mtu, kisha tendo na mtendaji. Anaweza kusema kazi hii ni mbovu, irudie, bila kusema wewe ni mbovu. Anaweza kusema umedanganya, bila kumbandika jina la mwongo atakalokua nalo. Kazi hii haihitaji ada wala kitabu. Inahitaji mzazi ajisikilize anapokuwa na hasira, maana hasira ndiyo inayofungulia maneno ya dampo.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Wengi wetu si watunzi, na watoto wetu hawatarithi tenzi. Watarithi tulivyowataja watu walipokuwa hawapo: mpagazi aliyeondoka, jirani aliyefilisika, shangazi asiyezaa. Mtoto akileta nyumbani neno la kumdharau mtu, asipigwe kwanza. Aulizwe amelisikia wapi, aelezwe linamuumiza nani, kisha amwite mtu huyo kwa jina lake. Na akijibu kwamba amelisikia hapahapa nyumbani, mkubwa aliyelisema ndiye wa kwanza kuliacha, naye aliache mtoto akiwa anasikia.