Intakula na Swali la Sababu

Intakula ni kipozeo cha hewa kinachowekwa kati ya turbo na injini. Turbo, ambayo mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905, hutumia moshi wa ekzosi kuzungusha feni inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua na nguvu huongezeka. Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka, hivyo silinda ileile huingiza hewa pungufu. Turbo hujipunguzia yenyewe faida inayoitafuta.

Kampala ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Mji uko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kilopaskali 88 hivi, ilhali wa Mombasa ni 101. Ikichukuliwa injini ya petroli ambayo turbo yake huongeza kilopaskali 80 juu ya hewa ya nje, kompresa itazidisha mgandamizo mara 1.8 ikiwa Mombasa na mara 1.9 ikiwa Kampala, na kadiri uwiano huo unavyopanda ndivyo joto linavyopanda. Hewa ya Kampala iliyoingia na nyuzi 27 za Selsiasi, kompresa ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, hutoka na nyuzi zipatazo 114. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya ongezeko hilo huishusha hadi 53 hivi. Hapo hewa imeongezeka uzito kwa karibu asilimia 19. Ukitoa mgandamizo unaopotea hewa inapopenya kwenye vijia vyembamba vya intakula, hubaki faida ya asilimia 14 hivi. Ni hesabu ya karatasini, lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Kwa hiyo fizikia inajibu kwamba intakula husaidia. Ugumu unaanza inapoulizwa msaada huo ni wa aina gani. Intakula haichomi mafuta wala haisukumi hewa. Kazi yake yote ni kuondoa: inachukua joto na kulitupa kwenye upepo, na njiani inapoteza kidogo mgandamizo ambao turbo imeuhangaikia. Kitu kisichoongeza hata chembe ya nishati kinawezaje kusemwa kuwa kimeipa gari nguvu?

Aristotle aligusa swali la namna hii katika kitabu cha nane cha Fizikia. Nguzo inalizuia jiwe lisianguke; mtu anaiondoa nguzo, jiwe linaanguka. Kwa Aristotle, jiwe huenda chini kwa sababu ya uzito wake, na aliyeondoa nguzo ni msababishi kwa namna ya pembeni tu. Maelezo hayo yanafaa, ila yanaacha mambo mengi wazi, kwa kuwa hayasemi ni lini kuondoa kizuizi kutazaa matokeo na ni lini hakutazaa chochote.

Wanazuoni wa usuli fiqhi, elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, walikwenda mbali zaidi, ingawa shabaha yao ilikuwa hukumu za sheria. Walitenga mambo matatu. Sababu ikiwapo, hukumu huwapo, na ikikosekana hukumu hukosekana: kuingia kwa wakati ni sababu ya sala kuwajibika. Sharti likikosekana, jambo halisihi, lakini kuwapo kwake peke yake hakuleti kitu; mtu anaweza kuwa na udhu na wakati wa sala haujaingia. Kizuizi kikiwapo, hukumu haipo, kama hedhi inavyoiondoa sala. Lakini kizuizi kikitoweka, hukumu hairudi kwa kutoweka huko tu, bali hungoja sababu na masharti yake.

Mpangilio huu unaifaa injini kuliko ule wa Aristotle. Sababu ya nguvu ni mafuta yanayoungua kwenye silinda. Hewa ya kutosha ni sharti. Joto ni kizuizi, tena mara mbili: linapunguza uzito wa hewa, na linafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, ile hali ya injini kugonga. Kompyuta ya gari ikihisi kugonga huko huchelewesha cheche za plagi, na nguvu hushuka. Intakula ni chombo cha kuondoa kizuizi. Haipingwi kuwa inasaidia, lakini msaada wake una kikomo cha kizuizi chenyewe: joto likishaondolewa vya kutosha, intakula kubwa zaidi haina cha kuondoa.

Mfano wa jambo hili upo sokoni: chini ya kilima cha Old Kampala kuna soko la spea la Kisekka. Gari nyingi za Uganda zimetumika kwanza Japani, na Subaru zenye turbo, kama Impreza na Forester, zina mashabiki wengi mjini. Intakula ya gari hizi hulala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Fundi anayeijua kazi yake, akinunua iliyotumika, hukagua kwanza kama mapezi yamepinda, kisha hupitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba. Kidole kikitoka na mafuta mengi, huenda sili za turbo ya gari ilikotoka intakula hiyo zilikuwa zimekwisha. Baada ya hapo hutazama mahali ambapo matangi ya plastiki ya pembeni yamebanwa kwenye alumini, kwa kuwa mvujo pale hupoteza sehemu ya hewa ya ziada iliyotarajiwa.

Mteja akibadilisha intakula tu, akaacha kompyuta na mgandamizo wa turbo jinsi kiwanda kilivyoviweka, mara nyingi hupata mabadiliko madogo. Kizuizi kimepungua, lakini sababu haijaongezwa. Mbio za magari zinaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi kanuni za kundi N, ambalo Subaru Impreza zilikimbia ndani yake katika mbio za Uganda za Pearl of Africa Rally, ziliagiza mlango wa hewa wa turbo uwe na pete ya milimita 32. Hewa ikishafikia kasi ya sauti kwenye pete hiyo, haiwezi kuingia zaidi, hata ikipozwa namna gani mbele ya safari. Hapo intakula haiongezi tena hewa. Kinachobaki ni kuzuia kugonga. Kizuizi kimoja kimeondoka na cha pili kimekaa palepale.

Swali la pili ni la ujuzi: mtu atajuaje kwamba nguvu imetoka kwenye intakula? Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alisema kwamba jicho huona pamba ikiungua inapogusana na moto, lakini halioni moto ukiiunguza; kinachoonekana ni mambo mawili kuandamana, na mtendaji ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe. Baadaye sana, katika karne ya 18, David Hume wa Uskoti alifika karibu na pale Al-Ghazali alipokuwa, bila kumtaja Mungu kama mtendaji. Hakuna haja ya kuumaliza ugomvi huo ili kunufaika nao. Hata anayeamini kwamba vitu vina nguvu zake vyenyewe lazima akubali kwamba kuandamana si ushahidi wa kutosha.

Na katika gereji mambo huandamana kwa wingi. Anayefunga intakula kubwa mara nyingi hubadilisha siku hiyohiyo ekzosi, kichujio cha hewa na programu ya kompyuta, kisha sifa yote huenda kwa intakula kwa kuwa ndiyo inayoonekana, hasa ile ya mbele inayong'aa nyuma ya bampa. Hata viwanda havisaidii sana hapa. Injini ya dizeli ya Toyota 1KZ-TE ya lita 3 iliuzwa kwanza bila intakula na baadaye ikiwa nayo, na ile ya baadaye ilitangazwa kuwa na nguvu zaidi. Lakini kiwanda kinapoongeza intakula hupanga upya na kiasi cha mafuta. Njia ya haki ni ile ambayo mwanafalsafa John Stuart Mill aliieleza mwaka 1843: badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote vilivyo. Vipimajoto viwili, kimoja kabla ya intakula na kimoja baada yake, gari moja, mlima mmoja, saa moja ya siku, hutoa ushahidi ambao maneno ya muuzaji hayawezi kuutoa.

Mahali pa kipimo pia pana hukumu yake. Kwenye foleni ya Wandegeya, mjini Kampala, saa za jioni, gari halitembei na hakuna upepo unaoingia kwenye tundu la boneti. Intakula iliyolalia injini hupashwa moto kutoka chini, na dereva akipata nafasi ya kukanyaga mafuta, hewa ya kwanza kupita humo inaweza kutoka na joto zaidi ya inavyodhaniwa. Kipozeo kimegeuka kizuizi kwa sekunde kadhaa. Kwa gari linaloishi mjini hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa kwenye foleni turbo yenyewe haina kazi. Kwenye barabara ya Masaka, upepo ukiwa tele, intakula hiyohiyo hufanya inachosifiwa.

Upo msaada mwingine usiopimwa kwa mwendo. Lori la dizeli lenye mzigo likipanda milima ya Kabale, hewa iliyopozwa huteremsha joto la moshi na la vichwa vya pistoni. Dereva hahisi chochote, na pistoni isiyoyeyuka haitangazi habari. Anayetaka kuujua msaada huu huweka kipimajoto kwenye bomba la ekzosi karibu na turbo, akakisoma lori likiwa kwenye mwinuko uleule na mzigo uleule, mara moja likiwa na intakula na mara moja likiwa bila.