Kuziba Ufa na Kuuficha

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, kila namna ya kuziba ni halali? Chukua pikapu kuukuu iliyochemsha hadi silinda hedi ikapasuka. Fundi anaweza kuichomelea, lakini ufa huweza kurudi injini ikipata moto. Hapa Kampala, soko la Kisekka huuza hedi zilizotumika, nazo huenda zina kasoro zake.

Naona mwenye gari ana haki ya kuchagua njia nafuu, ila hawezi kuchagua asichokijua. Wengine watasema mteja haelewi ufundi. Hata hivyo, anaelewa maana ya kukwama njiani na shehena ya ndizi. Fundi anayenyamaza humbebesha hatari bila kumwuliza. Huo ni udanganyifu, hata gari likitembea.