Kilichookotwa Ugenini

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kut. 20:15, 23:4, Kum. 22:1-4, Mwa. 42:25-38, 43:11-23, 44:8, Law. 6:1-7, Hes. 5:5-8, Dan. 6:4; Lk. 15:8-10.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 22:3. Likaririni kutoka katika Biblia zenu, na kila mmoja aangalie neno la mwisho la fungu hilo.

Dada mmoja wa kanisa letu alikwenda Dubai kufanya kazi ya usafi katika jengo la maduka. Siku moja, akipiga deki chooni, alikuta pete ya dhahabu kando ya sinki. Hapakuwa na mtu. Aliitia mfukoni mwa sare akiwa na nia ya kuikabidhi kwa msimamizi zamu itakapokwisha. Zamu ikaisha, hakuikabidhi. Mchana ule alikuwa amepokea ujumbe kutoka nyumbani kwamba mdogo wake amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada, na juu ya ada hiyo alikuwa ameomba kwa majuma matatu.

Siku chache baadaye aliiuza kwa sonara kwa dirham 900. Alitenga dirham 90 za zaka, nyingine akazituma nyumbani. Kisha akanipigia simu. “Shikamoo mzee. Nina swali moja tu. Je, nimeiba?”

Nilikuwa kituoni nasubiri daladala. Nilimjibu kwamba hakumnyang'anya mtu, ameokota, na amshukuru Mungu aliyesikia maombi. Nimefundisha amri ya nane katika Shule ya Sabato kwa miaka mingi, na hilo ndilo jibu nililompa.

Baada ya miaka miwili alirudi. Sabato moja, ibada ilipokwisha, alinisubiri chini ya mwembe akaniuliza swali lile lile, lakini safari hii aliongeza jambo ambalo hakulisema kwenye simu. Upande wa ndani wa pete ile kulikuwa na herufi mbili na tarehe. Amenipa ruhusa kueleza kisa chake bila kumtaja jina. Juma hili tutachunguza kwa nini jibu langu la kwanza lilikuwa baya, na ni jibu gani ambalo Maandiko yangempa.

JUMAPILI
Mali yenye mwenyewe

Soma Kumbukumbu la Torati 22:1-4. Ni vitu gani vinavyotajwa? Mwokotaji anaagizwa afanye nini ikiwa mwenye mali yuko mbali, au hajulikani?

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kuokota si kuiba. Mwizi huvunja, huchomoa, huvizia. Mwokotaji amepita tu njiani. Lakini angalieni jinsi Musa anavyokiita kitu hicho. Ng'ombe aliyepotea bado ni ng'ombe wa ndugu yako. Vazi lililoanguka bado ni vazi la ndugu yako. Kupotea kumekitoa kitu mkononi mwa mwenyewe. Hakujakiondoa katika umiliki wake.

Tena fungu la 2 linamruhusu mwokotaji apeleke kitu nyumbani kwake. Hapa ndipo wengi huteleza, maana wanasoma mpaka hapo na kufunga Biblia. Kitu kinakaa nyumbani mpaka mwenyewe atakapokitafuta. Huko ni kukitunza, na kutunza kuna gharama: ng'ombe wa watu atakula majani yako na kunywa maji uliyoyateka wewe. Mungu alimwagiza Mwisraeli abebe gharama hiyo kwa ajili ya mali ambayo haitakuwa yake kamwe.

Je, “ndugu yako” maana yake ni mtu wa kwenu tu? Dada yetu aliniambia kwamba wazo hili lilimjia: wale ni matajiri, si wa imani yetu, wala hawanijui. Soma Kutoka 23:4. Pale anayepotelewa na ng'ombe au punda ni adui yako, na agizo halibadiliki. Ikiwa hata adui anarudishiwa, mgeni ambaye hajanikosea chochote nitamwekea sababu gani?

JUMATATU
Fedha vinywani mwa magunia

Soma Mwanzo 42:25-28, 35 na 43:11-23.

Kisa kilicho karibu zaidi na swali letu ni hiki, nami nashangaa jinsi tunavyokipita upesi tukikimbilia machozi ya Yusufu. Watu kumi wamekwenda nchi ya kigeni kwa sababu ya njaa. Wanatumia mkalimani. Mkuu wa nchi amewashuku kuwa wapelelezi na mmoja wao amebaki kifungoni. Wakiwa njiani kurudi, mmoja anafungua gunia ili ampe punda wake chakula, anakuta fedha yake ileile aliyolipia nafaka. Walipofika nyumbani wote wakakuta fedha zao.

Hawakuiba. Hawakujua imefikaje pale. Waliomlisha mgeni yule ni serikali ya Misri, tajiri kuliko nchi zote za wakati ule, nao nyumbani walikuwa na watoto wenye njaa. Ukitafuta sababu za kubaki na kitu ulichokikuta, wana wa Yakobo walikuwa nazo zote.

Angalieni maneno ya mzee Yakobo katika 43:12. Anawaagiza wachukue fedha maradufu: ya nafaka mpya, na ile iliyorudi katika magunia. Sababu anayoitoa ni fupi sana: huenda ilikuwa ni makosa. Hakuwa na uhakika. Hakusubiri Misri idai. Kule kutojua tu kulimtosha kuirudisha. Nasi mara nyingi kutojua ndiko kunakotufanya tubaki na kitu! Tunasema, “Simjui mwenyewe,” kisha tunakitumia kana kwamba tumemjua na ameturuhusu.

Yakobo huyu ndiye aliyewahi kuichukua baraka ya ndugu yake kwa hila. Miaka mingi imepita juu ya mtu huyu.

Sasa tazameni kilichotokea mlangoni mwa nyumba ya Yusufu. Kabla ya kuulizwa lolote, ndugu hawa wanamwendea msimamizi wa nyumba na kueleza habari ya fedha, na kwamba wameirudisha. Ndipo msimamizi anawaambia wasiogope, Mungu wao ndiye aliyewapa hazina hiyo, fedha yao yeye alikwisha kuipokea.

Hapa ninawaomba mkae kidogo. Maneno kwamba Mungu amewapa yalitamkwa, lakini na nani, na lini? Yalitoka upande wa mtu aliyestahili kuidai fedha, baada ya wao kuirudisha. Wana wa Yakobo hawakujitangazia wenyewe kwamba ni baraka. Walipoiona fedha ile walitetemeka (42:28). Dada yetu aliomba ada akapata pete, akaunganisha mambo hayo mawili, nami kwenye simu nikayakaza kwa fundo. Wala hatukumpa mwenye pete nafasi ya kusema neno.

Baadaye, kikombe kilipotafutwa, ndugu hawa walikuwa na hoja ya kujitetea (44:8). Waliweza kusema: fedha tuliyoikuta tuliirudisha kutoka Kanaani, tutaibaje tena? Mgeni katika nchi ya watu hana ukoo wa kumshuhudia. Ana matendo yake ya juzi tu.

Je, umewahi kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakuwa amekupa? Ulijuaje?

JUMANNE
Sheria ya nchi tunayokaa

Soma Danieli 6:4. Danieli alikuwa mateka ugenini. Adui zake walipotafuta kosa katika utendaji wake walipata nini?

Vijana wetu wengi wako Ghuba, Ulaya na kwingineko, na ni wajibu wa kanisa kuwaambia kabla hawajapanda ndege kwamba neno “nimeokota” haliwatetei mbele ya sheria. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2021 inamwadhibu anayejimilikisha mali iliyopotea ya mtu mwingine: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyopungua dirham 20,000. Japani kilichookotwa hupelekwa polisi, na mwenyewe asipopatikana kwa miezi 3 mwokotaji anaweza kupewa. Mwenyewe akipatikana, sheria inamtaka ampe mwokotaji zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya kitu. Uingereza, sheria ya wizi ya mwaka 1968 inauliza kama mwokotaji aliamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana kwa kuchukua hatua za kawaida.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ugenini tu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 258, na ya Kenya, kifungu cha 268, zinasema jambo linalofanana: anayejitwalia kitu kilichopotea hana kosa la wizi ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Basi, herufi mbili na tarehe ndani ya pete zingejibuje mbele ya hakimu? Hata majirani zetu Waislamu, ambao dada yetu alikuwa akiishi kati yao, wana mafundisho ya kutangaza kitu kilichookotwa kwa mwaka mzima. Watu wale wasingemshangaa kwa kuirudisha pete. Wangemwelewa.

Lakini kuna hofu ambayo sitaki tuidharau. Msafishaji mgeni akisema ameokota, anaweza kuambiwa ameiba. Na msimamizi akikabidhiwa, anaweza kukila yeye. Hofu hizi ni za kweli. Ndiyo maana ushauri wangu kwa wanaosafiri ni huu: kikabidhi siku ileile, mbele ya mwenzako, katika ofisi ya ulinzi ya jengo au kituo cha polisi, nawe uombe karatasi. Kila saa unayokaa nacho mfukoni inafanya maelezo yako kuwa magumu zaidi.

JUMATANO
Sehemu ya tano

Soma Mambo ya Walawi 6:1-7. Kuokota kunatajwa pamoja na dhambi zipi? Ni nini kinachotangulia, kurudisha au sadaka?

Fungu la 3 linamweka aliyeokota kisha akakana katika orodha moja na mdhulumu na mnyang'anyi. Atarudisha kitu kizima, ataongeza sehemu ya tano, naye atampa mwenyewe siku ileile anapoleta sadaka yake ya hatia. Damu ya kondoo haikuchukua nafasi ya deni la jirani.

Niliposoma fungu hili pamoja na dada yetu, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha alisema kwamba siku iliyofuata, kabla pete haijauzwa, mwanamke mmoja alikuja chooni akawauliza wasafishaji. Hakujua Kiingereza vizuri. Alionyesha kidole chake kitupu. Wasafishaji watatu walitikisa vichwa, naye akiwa mmoja wao.

Ndipo nilipoelewa kwamba swali aliloniuliza kwa simu halikuwa la sheria hata kidogo. Alikwisha kujua jibu. Alikuwa anatafuta mzee wa kanisa wa kumsaidia kulisahau, nami nikampata siku ile nikiwa na haraka.

Soma Hesabu 5:5-8. Torati iliona mbele kwamba mwenye mali anaweza kuwa amekufa na hana jamaa wa kupokea. Hapo malipo humwendea Bwana kupitia kuhani. Lakini njia hii ni ya mwisho. Zaka ya dirham 90 haikuwa malipo hayo, maana ilitolewa na mtu aliyeihesabu pete kuwa mapato yake.

Hesabu ya dada yetu ni rahisi: dirham 900 na sehemu yake ya tano, 180, jumla 1,080. Anaziweka akiba kidogo kidogo kutokana na genge lake la mboga. Pete yenyewe huenda ilikwisha kuyeyushwa. Kupitia muumini aliyeko kule tumeandika kwa ofisi ya jengo lile, bila jibu mpaka sasa. Mdogo wake amemaliza kidato cha nne, naye hajui habari hii.

ALHAMISI
Aliyewasha taa

Soma Luka 15:8-10.

Mfano huu twaufundisha kutoka upande wa sarafu. Leo usomeni kutoka upande wa mwanamke: taa, ufagio, kila pembe ya nyumba, kisha majirani kuitwa. Kila kitu kilichopotea kina mtu wa namna hii mahali fulani. Ndugu mmoja alipinga katika darasa letu akisema pete ni pambo tu, nasi Waadventista wengi hatuvai, basi hasara ni ndogo. Darasa lilicheka. Lakini mwanamke yule alikuja na kidole kitupu. Tarehe ile ndani ya pete ilikuwa ya kwake, iwe mimi naivaa pete au siivai.

IJUMAA
Maswali ya kujadili

1. Katika Mathayo 13:44 mtu anaiona hazina katika shamba la mwingine, anaificha, kisha analinunua shamba. Je, Yesu anatufundisha namna ya kushughulika na vilivyookotwa, au jambo lingine? Msijibu upesi.

2. Umeokota noti ya shilingi 2,000 sokoni Kariakoo, mahali ambapo maelfu wanapita. Na umeokota simu mahali hapohapo, nayo inaita. Wajibu wako unatofautianaje, na kwa nini?

3. Kanisa lilipokea dirham 90 bila kujua. Sasa mhazini na baraza la wazee wanajua. Zifanyiwe nini?

4. Je, mzee wa kanisa aliyetoa ushauri mbaya ana sehemu katika kulipa zile 1,080? (Darasa langu lilisema ndiyo, nami nimeanza.)

5. Dada yetu amepata mkataba mpya wa kazi mjini uleule. Anataka, siku ya kwanza atakapopata mapumziko, aende kituo cha polisi na fedha zile, aeleze yote. Mama yake anamsihi asiende, kwa sababu anaweza kufungwa. Wengine wanasema atume fedha kwa njia nyingine na abaki nyumbani. Ameliomba kanisa limshauri kabla ya mwisho wa mwezi. Mgempa ushauri gani?