Ngoma ya Bure Hulipwa na Nani?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zinabishana. Moja yasema: bure ghali. Nyingine yasema: mcheza kwao hutunzwa. Ya kwanza inamwonya anayepokea, ya pili inampa moyo anayetoa. Nimekuwa nazo kichwani tangu Idi pili, tulipokuwa Kengeja, kusini mwa Pemba, mimi na mke wangu, watoto na mama mkwe, asubuhi nzima tukitazama kirumbizi.

Kwa asiyekijua, kirumbizi ni ngoma ya fimbo. Zumari inalia, ngoma zinaitikia, na wanaume wawili wanaingia kati, huyu anapiga, yule anakinga. Hakuna geti wala tiketi, wala viti vya wageni waalikwa. Uwanja wenyewe ni duara la watu. Mtazamaji akijisikia anachukua fimbo na kuingia. Aliyechoka anatoka, naye anakuwa mtazamaji. Binti yangu wa miaka tisa alitazama weee, kisha akauliza: "Baba, kwani hawa nani anawalipa?"

Bibi yake akanitangulia kujibu: "Hawalipwi, mjukuu wangu. Wanacheza tu."

Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi. Mpiga zumari ametoa pumzi yake na asubuhi yake. Ngozi ya ngoma ina bei. Na kuijua zumari si kazi ya wiki mbili. Kwa hiyo gharama ipo, na kuna mtu ameibeba. Tunaposema "bure" maana yake ni kwamba aliyeibeba si mimi.

Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika juu ya zawadi katika jamii mbalimbali, akasema zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wazee wetu hawakumhitaji kulijua hilo. Anayekuja kwenye arusi yako na kitu mkononi, nawe utakwenda kwake. Ukizikiwa, utazika. Hakuna anayeandika, lakini hakuna anayesahau. Ngoma ya kijijini imo humo humo. Anayepiga leo, kesho atatazama, na huyo aliyetazama ndiye atakayembebea mawe ya msingi wa nyumba. Deni lipo, ila kiasi chake na siku ya kulilipa umeachiwa mwenyewe.

Tiketi ni kitu kingine. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe tangu 2004, linauza tiketi, na Mtanzania analipa chini ya mgeni. Wapo wanaonung'unika kuwa utamaduni umetiwa bei. Mie naona tiketi ina uungwana wake. Inamwambia mgeni: toa kiasi hiki, uone, uende zako, hudaiwi. Deni la zawadi, kinyume chake, linaweza kumkaba maskini. Kuna watu hawaendi kwenye shughuli kwa kuogopa kwenda mikono mitupu. Basi tusiipambe bure kana kwamba ina utakatifu ambao pesa haina.

Lakini kuna bure inayoniudhi. Kikundi cha ngoma kinaitwa kumpokea mheshimiwa au kuburudisha wageni wa hoteli, wanacheza juani saa mbili, kisha wanapewa soda na nauli. Wakiuliza malipo wanaambiwa: "Si mila yenu hii?" Hapo neno mila limegeuzwa kuwa punguzo la bei. Anayelisema hatamzika mchezaji yule wala hatacheza kwake. Amechukua faida ya zawadi na kuuacha wajibu wake. Nadhani mpaka ndio huu: asiyeweza kurudisha kwa kuwepo, alipe kwa pesa, na alipe vizuri. Ile methali inasema mcheza kwao. Huko si kwao. Kwa hiyo kutunzwa kusiachwe kwenye hiari ya mwenye shughuli.

Sasa sisi tuko upande gani? Wapemba wengi tunaishi Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, hadi Muscat. Tunarudi sikukuu, tunapiga video, tunawatumia wenzetu kwenye simu na maneno "nyumbani ni nyumbani", kisha tunapanda boti Mkoani. Kwa jina ni wenyeji, kwa mwenendo tunakaribia watalii, tena watalii wasiokata tiketi. Ujamaa unatuondolea malipo, umbali unatuondolea wajibu. Hiyo ndiyo bure iliyo ghali, na anayeilipia ni yule aliyebaki.

Kutunza, kutia noti mkononi mwa mchezaji, ni mwanzo mzuri, na mama mkwe alifanya hivyo bila kusemwa. Lakini noti haimfundishi mtu zumari. Ngoma inakufa pale duara linapojaa watazamaji watupu, na hapo hata tukichanga mamilioni hatuna wa kumpa. Kwa hiyo nadhani mtoto wangu anadaiwa zaidi ya shilingi. Anadaiwa kujua: ala ile inaitwaje, mapigo yanabadilika wapi, kwa nini yule alikinga chini. Mzazi naye anadaiwa muda wa kumleta, na si Idi peke yake. Nauli ya boti kwa watu watano si ndogo. Ila angalau sasa tunajua tunailipia nini.